Sursi na chemchemi: je, ni maji mamoja?



Baada ya somo letu la redioni juu ya Yoane sura ya 4, mama mmoja wa Kadutu alituma swali fupi: «Pasta, ile chemchemi ambayo Yesu aliahidi, ni kama sursi yetu ya hapa kwenye kartye, ama ni kitu kingine?» Nimelipenda swali hilo. Wengi wetu tunasoma chemchemi siku ya Mungu na kuchota sursi siku ya kwanza ya kazi, na hatujawahi kuuliza kama ni kitu kimoja. Hakuna mzazi wa Cimpunda au wa Panzi anayemwambia mtoto achukue bidoni aende chemchemini. Anasema: «Enda ku sursi!» na mtoto anaelewa.

Basi tuanze na hilo neno la kila siku. Sursi tumeliazima kwa Kifaransa, source. Liliingia kwetu kwa mlango wa Wabelgiji, tangu mji wetu ulipoitwa Costermansville, pamoja na robine, bidoni, kartye na mengine ambayo leo tunayaona kuwa yetu kabisa. Lakini Wafaransa nao hawakulitunga kutoka hewani. Zamani walikuwa na kitendo sourdre, maana yake maji kutoka chini na kujitokeza juu. Source ni kile kilichojitokeza. Na sourdre walilirithi kutoka Kilatini, surgere, yaani kuinuka, kusimama. Kwa hiyo mizizi ya neno letu la sursi haisemi habari ya bomba, wala ya saruji, wala ya foleni. Inasema: kile kinachoinuka chenyewe.

Hapo ndipo sursi inapotofautiana na kisima. Kisima unakichimba, unashuka chini kwa maji. Sursi maji yanapanda kukujia. Hata wale mafundi wanaoijenga kwa mawe na saruji na kuweka bomba hawayatengenezi maji. Wanayapa njia tu.

Kilatini surgere kilizaa watoto wengi, na baadhi yao tunawajua kwa majina. Kutoka resurgere, kuinuka tena, Wafaransa wakapata résurrection, ufufuo. Kutoka neno hilohilo la sourdre, wakiliongezea «tena» mbele, wakapata ressource, yaani kile kinachomwinua mtu tena alipoanguka. Na kutoka insurgere, kumwinukia mtu, wakapata insurgé, mwasi. Huyo mtoto wa mwisho sisi wa Kivu hatuhitaji kufafanuliwa. Inashangaza kidogo kwamba sursi, ufufuo na uasi vilitoka katika nyumba moja, lakini ukitazama vizuri utaona kwamba vyote vitatu ni kuinuka. Tofauti ni nani anayeinua, na kwa ajili gani.

Sasa mhubiri kijana akisikia haya atakimbilia madhabahuni kutangaza kwamba kila sursi inathibitisha ufufuo. Taratibu, mtumishi. Mtume Paulo hakuandika Kifaransa. Ufufuo tunauamini kwa sababu kaburi lilikutwa wazi, si kwa sababu ya kamusi. Kinachofaa kujua ni kwamba hata Kigiriki cha Agano Jipya kinasema anastasis, kusimama tena, na wale waliotafsiri kwa Kilatini walichagua neno la picha hiyohiyo. Maneno yanaweza kukupa mfano mzuri wa kufundishia. Hayawezi kukupa fundisho.

Nasema hivyo kwa sababu kuna fundisho baya linaloweza kuzaliwa hapahapa. Kwa Kifaransa kuna mtu anayeitwa sourcier, anayetembea na kijiti akitafuta maji chini ya ardhi. Na kuna sorcier, mchawi. Ukiyatamka haraka, sikio halioni mpaka kati yao. Mtu asiyejua anaweza kusimama na kusema: mnaona, sursi na uchawi ni neno moja, maji ya pale mtoni yana pepo. Si kweli hata kidogo. Sorcier lilitoka katika neno lingine la Kilatini, sors, yaani kura, habari ya wapiga ramli. Kufanana kwa sauti si undugu. Ni kama ile chuma iliyo ndani ya matela, ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaiita springi na sisi tunaiita resori: wenye Kiingereza wana jina moja kwa chuma hiyo na kwa maji yanayotoka ardhini, lakini resori yetu na sursi yetu ni maneno mawili tofauti. Mtu akikutia hofu ya kuchota maji kwa sababu ya jina, mwulize alisoma wapi.

Turudi kwa chemchemi, neno la Biblia yetu. Sikio la Kiswahili linasikia ndani yake kuchemka, maji yanayobubujika na kusukumana kama sufuria iliyo motoni. Anayetaka kuona kwa macho aende Kankule, karibu na Katana, huko Kabare, ambako maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto kweli. Lakini chemchemi nyingi ni baridi. Kinachochemka pale ni mwendo wa maji, si moto.

Je, Biblia inatofautisha chemchemi na kisima? Ndiyo, na hapa ndipo mama wa Kadutu anapopata jibu lake. Katika Yoane 4, Kigiriki kinatumia maneno mawili. Moja ni pege, maji yanayotoka yenyewe. Lingine ni phrear, shimo lililochimbwa. Mwandishi anapotuonyesha Yesu ameketi pale kwa uchovu, mstari wa 6, anasema pege. Mwanamke anapojibu, mistari ya 11 na 12, yeye anasema phrear: shimo ni refu, huna chombo, baba yetu Yakobo ndiye aliyetupa. Macho yake yako kwenye kamba na kina. Mstari wa 14 Yesu anarudi kwenye pege, na anaiweka mahali ambapo mwanamke hakuifikiria: ndani ya mtu. Maji yasiyohitaji kamba. Maji yanayoinuka yenyewe.

Kwa hiyo ndiyo, mama, chemchemi ile ni sursi. Louis Segond, ambaye Biblia yake ya Kifaransa wengi wetu tunaisoma, aliandika source katika mstari ule. Yesu hakuchukua mfano wa mbali wa watu watakatifu. Alichukua kitu ambacho mwanamke mwenye mtungi alikijua kwa mgongo na mikono yake, kama wewe unavyoijua bidoni ya litre 20 kwenye mteremko.

Waebrania nao walikuwa na neno lao, ayin. Maana yake ni jicho, na maana yake ni chemchemi. Jicho la ardhi linalotoa maji, kama la mtu linavyotoa machozi. Majina mengi ya Biblia yamebeba neno hilo: En-gedi alikojificha Daudi, En-hakore ya Samsoni alipolia kwa kiu katika Waamuzi 15, na Ainoni, Yoane 3:23, ambako Yoane alibatiza kwa sababu kulikuwa na maji mengi. Waarabu nao wanasema ayn, jicho na chemchemi vilevile. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Na Yeremia 2:13 tunaujua wote. Mungu analalamika kwamba watu wake wameacha chemchemi ya maji hai wakajichimbia mabirika yenye nyufa. Birika ni sitene: maji ya mvua yaliyokusanywa, yaliyosimama, na kama saruji imepasuka yanapotea. Sisi ambao robine zetu zinaweza kukauka siku nyingi mfululizo tunaelewa uzito wa maneno haya kuliko mtu aliyezaliwa karibu na robine isiyokauka.

Lakini sasa lazima niseme jambo ambalo litawaudhi wengine. Ikiwa chemchemi ya Jumapili na sursi ya Jumatatu ni kitu kimoja, mbona tunaiheshimu moja na kuichafua nyingine? Tazama milima yetu. Nyumba juu ya nyumba, choo cha huyu juu ya ukuta wa yule, na chini kabisa, sursi. Maji yanayotoka pale yamepita chini ya miguu yetu sote. Yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakabeba kolera, kwa maana mdudu wa kolera anatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa, anaingia kwenye maji, anarudi kwenye kinywa cha mwingine, na macho hayamwoni. Wenye umri wangu wanakumbuka Goma, Julai 1994, wakimbizi walipokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kolera na kuhara.

Kuna waamini wanaosema: mimi nimeyaombea, sitayachemsha. Wapendwa, someni 2 Wafalme 2:19-22. Watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba mji wao ni mzuri lakini maji ni mabaya na nchi inaharibu mimba. Elisha hakuwaambia wakatae ugonjwa kwa jina. Hakuombea mitungi yao mmoja mmoja nyumbani. Aliomba chombo kipya na chumvi, akatoka, akaenda mpaka mahali maji yanapotokea, akaishughulikia shida pale. Mungu ndiye aliyeponya, Neno linasema wazi. Lakini nabii alitembea mpaka kwenye sursi. Huo ndio mwendo ninaoudai kwa makanisa yetu: mkutano wa vijana wa kufyeka na kusafisha mfereji juu ya sursi, wazee wa kanisa kwenda kuzungumza na mwenye choo kinachovuja (na kama mwenye choo ni mshirika, afadhali zaidi, aanze yeye), na kila nyumba kuchemsha maji ya kunywa au kutia dawa. Omba, kisha weka sufuria motoni. Chemchemi haijichemshi.

Na kuhusu foleni. Nasikia kuna mahali ambapo wenye nguvu wanajaza bidoni kumi na wajane wanasubiri mpaka giza, na pengine pesa inadaiwa kwa maji ambayo hakuna aliyeyachimba. Mchango wa kutengeneza bomba lililovunjika, sawa, na uandikwe ili watu wauone. Lakini kuuza kile kinachoinuka chenyewe, na kumnyima asiye na faranga, sijui mtu atamwelezaje Bwana aliyeketi na kiu pale Sikari.

Chemchemi ile ya Elisha ipo mpaka leo. Iko Yeriko, chini ya kilima cha mji wa kale. Waarabu wa pale wanaiita Ain es-Sultan, na hapo unalisikia tena lile neno la jicho. Maji yake bado yanatoka, na watu wa Yeriko bado wanamwagilia mashamba yao kwa maji hayo.