Kwa nini Rais wa Kenya huapishwa mchana kweupe

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu kuchukua madaraka ya Urais imepanga hadi saa: Rais mteule ataapishwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukiisoma haraka utadhani ni itifaki tu, lakini saa hizo zina historia chungu. Tarehe 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki aliapishwa katika uwanja wa Ikulu, Nairobi, giza likianza kuingia, muda mfupi baada ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi ambayo wapinzani wake waliyakataa. Waliotaka kuyapinga hawakuachiwa hata siku moja ya kwenda mahakamani kabla ya kiapo. Katika ghasia za uchaguzi ule waliuawa zaidi ya watu 1,100. Kiapo hakikuzaa uhasama huo, kwani migogoro ya ardhi na ya kura ilikuwepo tangu zamani. Ila kiapo cha haraka kiliziba njia ya amani ya kuyapinga matokeo kabla Rais hajaapa.

Katiba ya 2010 iliifungua njia hiyo kwa kutumia kalenda. Kifungu cha 141 kinataka kiapo kiliwe hadharani, mbele ya Jaji Mkuu au naibu wake, Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa. Kesi ikifunguliwa, kila kitu kinasubiri hukumu. Faida yake ilionekana tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa Rais kabla mshindi aliyetangazwa hajaapa.

Wapo wanaolalamikia gharama za sherehe ya kiapo, na nakubaliana nao kuhusu mizinga, gwaride na misafara ya wageni. Hayo yapunguzwe. Yasiguswe yale machache yanayobeba sheria: Msajili wa Mahakama akimwongoza mteule kula kiapo, saini mbele ya Jaji Mkuu, na Rais anayeondoka akimkabidhi mrithi wake upanga na Katiba mbele ya macho ya wananchi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya sherehe hiyo ni ya tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru Park. Umati ulikuwepo, Biblia ilikuwepo. Je, sherehe si maigizo basi? La. Tukio lile linaonyesha kwamba sherehe haizai mamlaka. Inathibitisha hadharani kwamba hatua zilizotangulia zimekamilika. Pale hapakuwa na Jaji Mkuu wala tangazo la tume ya uchaguzi, na siku ya pili yake majeshi na hazina ya taifa vilikuwa bado chini ya Rais Uhuru Kenyatta, aliyeapishwa Kasarani Novemba iliyotangulia.