Fishie iko, lakini serveri inasema haiko: juu ya nini?

Mukubwa wa kazi anaomba ripoti ya mwaka jana. Unaandika jina lake ku serveri ya ofisi: hakuna kitu. Unafikiri imepotea, unataka kuiandika upya. Ngoja kwanza. Mara nyingi fishie iko palepale mulipoiweka.

SharePoint ya Microsoft, ambayo ofisi hutumia kwa kugawana fishie, haifungue fishie zote kila mara mutu anapotafuta. Kuna programu inayopita mbele: inasoma fishie na kuandika maneno yake ndani ya daftari moja kubwa, indeksi. Jibu lako linatoka mule. Kama programu ile haijapita, fishie haionekane.

Mwenye kuangalia serveri anaweza kujua shida iko wapi kwa mistari mitatu ya PowerShell:

$ssa = Get-SPEnterpriseSearchServiceApplication
Get-SPEnterpriseSearchStatus -SearchApplication $ssa
Get-SPEnterpriseSearchCrawlContentSource -SearchApplication $ssa

Mstari wa pili unaonyesha hali ya kila sehemu. Active, ni kusema inatumika. Degraded ao Failed, kuko shida. Wa tatu unaonyesha kama usomaji unaendelea ao umesimama.

Kisha aangalie mambo matatu. Umeme ulikatika? Serveri inaweza kuwaka tena, lakini huduma ya kutafuta ikabaki imelala. Diski imejaa? Indeksi inakosa nafasi ya kuandika. Neno la siri la konti inayosoma lilibadilishwa? Basi mlango umefungwa.

Hapa wengine wanakosea: wanapatia konti ile uwezo wote wa serveri. Hapana. Itaanza kusoma hata maandishi ambayo hayajatangazwa. Haki ya kusoma inatosha.

Na kama mwenzako anaiona fishie, wewe hapana, labda hakuna kitu kimeharibika: kila mutu anaonyeshwa tu kile anachoruhusiwa kuona.

Kufuta indeksi nzima kuwe dawa ya mwisho. Fishie zenyewe hazitaguswa, lakini ofisi yote itatafuta bila kupata mpaka usomaji wa mwanzo hadi mwisho umalizike, na kama fishie ni nyingi, hiyo si kazi ya dakika. Mufanye siku ya mapumziko, na mujulishe wenzenu mbele. Bila hivyo, kesho yake mutu ataanza kuandika upya ripoti ambayo iko.