Fahamu: Kadi iko mfukoni, fedha zinaondokaje?

Mwizi wa kadi ya benki hana haja ya kuichomoa mfukoni mwako. Anachotaka ni yaliyoandikwa juu yake: namba ndefu ya mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi na zile tarakimu tatu za nyuma. Kwa hizo anaweza kununua bidhaa mtandaoni akiwa nchi nyingine kabisa.

Ndiyo maana benki nyingi huweka kizingiti cha ziada: namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa ujumbe mfupi. Hapo ndipo simu inapoita. "Habari, napiga kutoka benki. Naomba unisomee namba uliyotumiwa sasa hivi." Anajua jina lako kamili, na sauti yake ni ya upole. Kata simu. Mtumishi wa kweli wa benki hana sababu ya kukuomba namba hiyo.

Ninaloliogopa zaidi ni tapeli kujifanya wewe, akadai laini imepotea, akapewa mpya yenye namba yako, na ile namba ya siri ikamfikia yeye. Simu ikipoteza mtandao ghafla huku za wenzako zinashika, usingoje kesho: iarifu kampuni yako ya simu kwa kutumia simu nyingine. Kwa Tanzania, laini yako ikiwa bado inafanya kazi, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Umeshaibiwa? Piga benki kwanza, kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, waifunge. Polisi wafuate, na malalamiko yako yawe ya maandishi.