Kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac kwa boti: Utalii wa polepole ungeweza kuwalisha wavuvi wa Rumonge

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

SAA kumi na mbili asubuhi, mwalo wa Rumonge ungepaswa kuwa na kelele. Kwa kawaida huu ndio wakati ambapo wavuvi wanarudi kutoka ziwani, taa zao zimezimwa, na akina mama wenye beseni wanagombania ndagala wa kwanza. Lakini ni Julai. Boti zimevutwa juu ya mchanga, nyavu zimekunjwa, na vijana wamekaa kwenye kingo za mitumbwi wakicheza karata.

Uvuvi umefungwa. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Zambia, nyavu hupumzishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana na kukua. Wavuvi tuliozungumza nao hawalikatai lengo hilo. Wanakumbuka miaka ambayo mukeke walikuwa wengi na wakubwa kuliko leo. Wanachouliza ni kitu kimoja: katika miezi hiyo mitatu, watoto wale nini?

Kwa siku tatu mwandishi wa gazeti hili alisafiri kwa boti ya mbao ya mmoja wa wavuvi hao, kutoka Bujumbura kuelekea kusini hadi Nyanza-Lac, kutafuta jibu moja ambalo ufukwe huu haujalijaribu vya kutosha: utalii wa boti wa polepole, wa kijiji hadi kijiji, usio na haraka ya kufika.

Somo la Uholanzi

Wazo lenyewe si geni duniani. Nchini Uholanzi, familia nzima hukodi boti kwa wiki moja na kuiendesha yenyewe kwenye mito na mifereji. Sheria ya huko haidai leseni kwa boti yenye urefu chini ya mita 15 ambayo haizidi mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Boti nyingi za kukodi hutembea chini ya nusu ya mwendo huo. Watu hulala humo, hununua mkate na jibini kijijini, husubiri daraja lifunguliwe, kisha huendelea. Katika baadhi ya madaraja ya kaskazini mwa nchi hiyo, mlinzi wa daraja huteremsha kiatu cha mbao kilichofungwa kwenye fimbo, nawe unatumbukiza sarafu ndani yake.

Mifereji hiyo haikuchimbwa kwa ajili ya watalii. Mingi ilichimbwa kuondoa maji mashambani, kubeba mboji ya kuni na kusafirisha mizigo. Barabara na reli zilipochukua mizigo, njia za maji zilibaki, na vijiji vikazipatia kazi nyingine.

Ziwa Tanganyika lina undugu wa ajabu na dunia hiyo. Meli ya MV Liemba, inayojulikana na kila mzee wa mwambao huu, ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, mji wa mifereji wa Ujerumani ulio karibu na mpaka wa Uholanzi. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Ilizinduliwa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927 ikiwa na jina la Liemba. Katika miaka ya karibuni ilikaa nje ya safari zake za kawaida kwa miaka kadhaa.

Siku ya kwanza: Jiwe la Mugere

Nahodha wetu ni mtu wa makamo aliyezaliwa Rumonge. Injini anaiita moteri, kama wengi hapa. Petroli aliikusanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa sababu uhaba wa mafuta umekuwa sehemu ya maisha ya Burundi katika miaka ya karibuni. Kabla ya kuondoka alitoa sharti moja.

“Mwanangu, saa tano tuwe tumeshafunga boti,” alisema. “Baada ya hapo ziwa si letu.”

Alikuwa sahihi. Kiangazi ni msimu wa upepo wa kusini-mashariki, na mchana mawimbi huinuka ghafla. Asubuhi, hata hivyo, maji yalikuwa kama sahani. Upande wa kulia, milima ya Congo ilionekana kwa shida kwa sababu ya vumbi na moshi wa msimu. Anayetaka kuiona vizuri aje mvua zinapoanza.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mugere, kilomita kumi na kitu kusini mwa Bujumbura. Kutoka ufukweni mtu hupanda hadi kwenye jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe, 25 Novemba 1871. Wageni wengine hudhani hapa ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji, Kigoma ya leo. Mugere walilala wakiwa safarini.

Safari yenyewe ndiyo iliyotuvutia. Walipanda mtumbwi Ujiji na kufuata ufukwe huu hadi ncha ya kaskazini, kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Walikuta unaingia. Walitumia takriban wiki nne kwenda na kurudi, wakilala kwenye fukwe, wakinunua chakula vijijini, na mahali pengine wakidaiwa hongo, neno ambalo wakati ule lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Waliopiga makasia na kuijua njia walikuwa wenyeji na watu wa msafara. Majina yao hayapo kwenye jiwe.

Kutoka Mugere kwenda kusini vilima husogea hadi majini. Barabara ya taifa namba tatu imebanwa hapo kati ya mlima na ziwa, na mvua kubwa huiporomoshea udongo. Gitaza ni jina linalokumbukwa kwa maporomoko ya mwaka 2015. Kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, kimeingizwa katika mradi wa ukarabati unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukiwa kwenye boti unaona kile ambacho abiria wa basi hawezi kukiona: miamba inayoteremka wima chini ya maji, na samaki wadogo wa bluu na manjano wakizunguka kwenye mawe. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani.

Tulifunga boti Minago kabla ya upepo. Hapakuwa na gati. Tulishuka na kuingia majini hadi magotini, mizigo kichwani. Mama mmoja alitupikia ugali wa muhogo na maharage, akatuomba radhi kwa kukosa samaki. Usiku tulilala katika chumba cha nyumba yake. Aliuliza kama wageni wengine watakuja, maana ana vyumba viwili vilivyo wazi tangu wanawe wahamie Bujumbura.

Siku ya pili: Mji wa mawese na Kiswahili

Rumonge iko kilomita kama 75 kutoka Bujumbura kwa barabara. Mwaka 2015 ilifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina lake. Katika mpangilio mpya wa mikoa mitano uliotekelezwa mwaka 2025, mji huu uko katika mkoa wa Burunga. Mabadiliko hayo hayasikiki sana sokoni. Kinachosikika ni Kiswahili, kama ilivyo Buyenzi, Ujiji na Uvira, na adhana kutoka misikiti yake.

Nyuma ya mji, tambarare ya Imbo imejaa michikichi. Chikichi hupikwa, hukamuliwa na kuwa mafuta ya mawese mekundu, na harufu yake inakupokea kabla hujafika. Mgeni mwenye nusu siku angeweza kuona kazi yote, kuanzia mpandaji wa mchikichi hadi dumu la mafuta. Hakuna anayemwonyesha, kwa sababu hakuna anayemleta.

Kwenye bandari tulikuta boti za mizigo zinazokwenda upande wa Congo. Wafanyabiashara walitaniana kuhusu samaki mmoja: mukeke wa Burundi ndiye mgebuka wa Kigoma, na ndagala wa hapa ndiye dagaa wa huko. Alama za maji kwenye kuta za nyumba za ufukweni zilitukumbusha miaka ya karibuni ambayo ziwa lilipanda na kuwafukuza watu majumbani. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, na mvua zikizidi ziwa hujaa taratibu na kupungua taratibu zaidi. Yeyote atakayejenga gati au nyumba ya wageni hapa ajenge akijua hilo.

Siku ya tatu: Kigwena, Nyanza-Lac na mpaka

Tulipoondoka Rumonge asubuhi ile ya karata, kijana mmoja aliomba kupanda ili amsaidie nahodha. Alisema hajagusa injini tangu Mei na mikono inamwasha.

Kati ya Rumonge na Nyanza-Lac kuna Kigwena, kipande kidogo cha msitu wa tambarare kilichosalia karibu na ziwa, chenye nyani na vipepeo. Nyanza-Lac tulifika kabla ya saa tano. Kutoka hapo mpaka wa Tanzania uko karibu, na ng'ambo yake kuna kijiji cha Kagunga, kisha Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe mwaka 1960. Gombe haina barabara. Kila mgeni hufika kwa boti, akitokea Kigoma.

Kwa nini wasifike wakitokea kaskazini pia? Hapa ndipo safari ya polepole inapogonga ukuta. Mtalii wa kutoka ng'ambo anahitaji viza ya Burundi na nyingine ya Tanzania. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, inatumika Kenya, Uganda na Rwanda tu. Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na Congo ikaingia mwaka 2022. Nchi tatu kati ya nne za ziwa hili sasa ni wanachama. Hata hivyo, boti ya kitalii haiwezi kulifuata ziwa lote kama njia moja.

Nahodha alitazama kusini muda mrefu kabla ya kuzungumza. Kagunga anaijua. Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana katika ufukwe ule mwembamba wakikimbia ghasia za kisiasa, kipindupindu kikawapata pale pale, na Liemba ikaitwa kuwasafirisha hadi Kigoma, mamia kwa kila safari. Kabla ya hapo, mwaka 1972 na tena katika vita vya miaka ya 1990, familia za Rumonge na Nyanza-Lac zilivuka usiku kwa mitumbwi. Wengine waliporudi miaka mingi baadaye walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine.

“Mimi nimebeba watu wanaokimbia,” alisema. “Mtu aliyekuja kutazama tu, asiye na haraka, wewe ndiye wa kwanza.”

Kinachohitajika

Si busara kuahidi kwamba watalii watamaliza njaa ya miezi mitatu. Hali ya usalama upande wa mashariki mwa Congo inawatisha wageni, mafuta ni ya shida, na si kila mvuvi anamiliki boti. Wengi ni vibarua. Lakini tarehe zinasema jambo ambalo mamlaka zinapaswa kulisikia. Uvuvi unafungwa Mei hadi Agosti. Huo ndio wakati wa kiangazi, barabara za vijijini ni kavu, na ndio likizo kubwa ya Ulaya pamoja na ya Warundi wengi waishio huko wanaorudi kusalimia nyumbani. Boti zipo, manahodha wapo, vyumba vipo.

Kinachokosekana si kikubwa: gati ndogo za mbao katika mialo mitano au sita, majaketi okozi na redio katika kila boti, ukaguzi wa boti unaofahamika, na kibali cha muda kinachomruhusu mvuvi kubeba abiria wakati nyavu zimefungwa. Bujumbura ndiyo makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003. Nchi zilizoweza kukubaliana tarehe moja ya kufunga uvuvi zinaweza pia kukubaliana karatasi moja ya kumpitisha mgeni kutoka Nyanza-Lac hadi Kagunga.

Sisi hatukuvuka. Boti haikuwa na kibali, kwa hiyo mwandishi alichukua gari kuzunguka kwa barabara hadi Manyovu, upande wa Kigoma. Nahodha alilala Nyanza-Lac kusubiri maji yatulie alfajiri. Kabla ya kuagana aliuliza gazeti litatoka lini, kisha akahesabu kwa vidole siku zilizobaki hadi 15 Agosti.