Shinikizo la damu na figo: Kikulacho ki nguoni mwako

Mfanyakazi huamka alfajiri, akawahi basi, akashika zamu yake na kurejea nyumbani jioni bila ya kuumwa popote. Siku akipimwa shinikizo la damu na kuambiwa ni 170 kwa 105, hushangaa: “Mbona mimi mzima?” Hupewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, kisha akaviacha kwa kuwa haoni anachokitibu. Ndugu msomaji, hebu tuangalie yanayotendeka ndani ya mwili wa mtu huyo huku yeye akijiona hana neno.

Mshipa wa damu si bomba tu. Ukuta wake una misuli inayokaza na kulegea, na upande wa ndani umetandikwa utando mwembamba wenye unene wa seli moja. Kwa miaka mingi utando huo ulidhaniwa kuwa ni bitana tu. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha kuwa hutoa kitu kinachoilegeza misuli ya mshipa. Baadaye ilibainika kuwa kitu hicho ni gesi iitwayo nitriki oksaidi.

Mwaka 1988 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, akiwamo Masashi Yanagisawa aliyekuwa bado mwanafunzi, walitangaza kuwa utando huohuo hutoa pia kitu cha kubana. Walikuza maabarani seli za mshipa mkuu wa nguruwe, wakapata peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, chenye asidi amino 21. Waliiita endotelini. Nguvu yake ya kubana mishipa ni kubwa mno, na athari yake hukawia kuondoka. Ajabu ni kwamba umbo lake hufanana sana na sumu ya nyoka mmoja wa Mashariki ya Kati aishiye chini ya ardhi.

Mwili wenye afya huweka mizani baina ya kubana na kulegeza. Maradhi huja mizani inapoelemea upande mmoja. Endotelini si chanzo pekee cha shinikizo la damu, lakini ni mmoja wa washiriki wake, na madhara yake huonekana zaidi katika figo.

FIGO

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba sana. Endotelini ikizidi, mishipa hiyo hubanwa na damu ikapungua. Seli zinazolinda kichujio huumia, na protini, ambayo haifai kupita, huvujia kwenye mkojo. Hatimaye kichujio hugeuka kovu, na kovu halichuji damu. Figo iliyopungukiwa na vichujio hushindwa kutoa chumvi na maji ya kutosha, hivyo shinikizo hupanda zaidi na kuviumiza vichujio vilivyosalia. Haya yote huweza kuendelea miaka mingi pasipo maumivu. Wengi hugundua pale figo zinapokuwa zimekwisha kushindwa, na mashine ya kusafisha damu ndiyo tegemeo.

DAWA

Dawa za kuizuia endotelini zimekwisha kupatikana. Bosentani iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa shinikizo la mishipa ya mapafu. Sparsentani ilifuata mwaka 2023 kwa aina moja ya ugonjwa wa vichujio vya figo, na aprositentani mwaka 2024 kwa wagonjwa ambao shinikizo lao halishuki kwa dawa nyingine. Hata hivyo, si miujiza. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022, baada ya wiki nne aprositentani ilishusha kipimo cha juu kwa takriban milimita 4 tu za zebaki kuliko kidonge kisicho na dawa. Dawa za namna hii huweza kusababisha uvimbe wa miguu, tena mama mjamzito haruhusiwi kuzitumia kwa sababu humdhuru mtoto tumboni.

Kwa hiyo kinga ya familia nyingi ingali katika mambo ya kawaida. Mtu mzima apimwe hata akiwa hana dalili. Kipimo kinachorudia kufika 140 kwa 90 si cha kupuuzwa. Mwenye shinikizo au kisukari apimwe pia mkojo na damu ili hali ya figo ijulikane mapema. Chumvi kwa mtu mmoja kwa siku isifikie kijiko kimoja cha chai, ikiwamo iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya dukani. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisimezwe ovyo, kwani nazo huweza kudhuru figo.

Na yule mfanyakazi wetu aliyeviacha vidonge arudi kwa daktari wake. Kama vinamsumbua, aseme, abadilishiwe. Kujiona mzima si kipimo, kwani figo haimwiti mwenyewe inapoanza kuumia.