Mafuta ya nazi yakimgandia mteja wa baridi, usianze kwa kujitetea

Wauzaji wenzangu, hii imenikuta mwenyewe Julai iliyopita. Nipo Kibiti, nauza mafuta ya nazi tunayopika nyumbani, lita 18,000. Wateja wangu wengi wako Dar na sijawahi kupata kesi. Akaja dada mmoja wa Karatu, kaona picha WhatsApp, kalipia lita 6 ili na yeye awauzie wenzake wa kikundi.

Mzigo ukapanda basi la asubuhi hadi Dar, ukaunganishwa stendi ya Magufuli kule Mbezi kwenda Arusha, kisha Karatu. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, naletewa picha ya chupa na maneno: "Dada, mimi nimeagiza mafuta ya nazi, umenitumia mafuta ya mgando?" Kweli, chupa nyeupe pee kama mshumaa. Nikaangalia yangu ya pipa lile lile, angavu kama maji.

Nikamjibu "huku kwangu yako sawa." Kosa kubwa! Kwa mteja hilo jibu linasomeka kama: mazuri nimebaki nayo, wewe nimekupa mengine.

Saa nane mchana, jua limetoka, picha nyingine: juu mafuta, chini donge jeupe. Sasa ndiyo akaamini kabisa nimechanganya vitu viwili. Jioni manyunyu na upepo, yakaganda tena. Wiki nzima Karatu ilikuwa hivyo, asubuhi ukungu, mchana jua la saa mbili tatu, jioni baridi, na kila mabadiliko mimi naletewa picha. Anataka 108,000 yake, la sivyo ananitangaza kwenye kikundi. Hela ningeweza kuitafuta. Jina likishachafuka unalisafishia wapi?

Kilichotokea ni hiki. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Kibiti ni tambarare ya pwani, mchana tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani na Ngorongoro, na Juni hadi Agosti ni kipupwe. Mteja wa Lushoto, Mbulu, Njombe au Makete atakuletea malalamiko yale yale. Wengi wamezoea alizeti, ambayo kwa baridi hiyo haigandi, kwa hiyo akiona donge anaona utapeli. Na tuseme ukweli, hata hapa kwetu alfajiri za Julai, kusi likivuma, chupa huweka wingu. Tumezoea tu, hatumwambii mtu.

Kuganda na kuyeyuka hakuyaharibu mafuta. Kinachoyaharibu ni maji ya tui yaliyobaki kwa kuyaepua mapema, hayo ndiyo yanaleta harufu ya kuchacha. Ila usije ukamwambia mteja "yakiganda ndiyo orijino." Mawese nayo huganda, na muuzaji tapeli anaweza kuchanganya na bado yakaganda vizuri tu.

Kilichoniokoa ni kiganja. Nilimwambia: "Dada, chukua kidogo kwa kijiko, weka kiganjani, sugua." Mwili una nyuzi kama 37, mafuta ya nazi yanayeyuka pale pale. Mshumaa hauyeyuki hivyo. Dakika mbili baadaye akatuma sauti anacheka, harufu ya nazi imejaa chumba. Nikamwelekeza aloweke chupa kwenye beseni la maji ya moto kiasi, asiweke jikoni juu ya moto.

Siku hizi oda yoyote ya mikoa ya baridi natumia makopo ya mdomo mpana, achote kwa kijiko hata yakiwa magumu. Sijazi hadi juu, naacha nafasi ya kidole kimoja, maana mafuta yakiyeyuka yanatanuka, na basi likipita kwenye joto njiani kifuniko kinavuja na kulowesha mizigo ya watu. Nafuatilia pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kufunga mzigo. Na kabla sijapokea hela natuma hii, mnaweza kuinakili:

"Habari dada/kaka. Huko kwenu kukiwa na baridi mafuta haya yataganda na kuwa meupe, mchana yanaweza kuyeyuka nusu. Ni kawaida yake. Loweka kopo kwenye maji ya moto kiasi dakika kumi. Ukiona maji chini au ukisikia harufu ya kuchacha, nipigie, nakubadilishia."

Hiyo sentensi ya mwisho iweke tu kama kweli utabadilisha.

Yule dada aliagiza tena Agosti, lita 10, kwenye makopo. Zile chupa za mdomo mwembamba zilizobaki nazimalizia kwa oda za Dar na Mafia.