Kupunguza Matiti kwa Upasuaji: Mgonjwa Atarajie Nini?

Vitabu vya Elimu ya Viumbe hulieleza titi la mwanamke kwa upande mmoja tu, yaani kazi yake ya kumlisha mtoto mchanga. Ni nadra vitabu hivyo kutaja kwamba titi lina uzito, na kwamba uzito huo ukizidi kiasi huleta maradhi. Watu wengi hudhani kuwa mwanamke anayetaka matiti yake yapunguzwe anatafuta urembo tu. Hesabu ndogo ya wenzo yatosha kuonyesha kuwa sivyo.

Tuchukue mfano wa mwanamke ambaye kila titi lake lina uzito wa kilo moja na nusu. Jumla ni kilo 3, nazo zinaning'inia, tuseme, sentimita 20 mbele ya uti wa mgongo, ambao ndio egemeo. Misuli inayouzuia mwili usiiname mbele imo nyuma ya egemeo hilo, umbali wa sentimita 5 hivi. Ili pande mbili zilingane, misuli hiyo yapaswa kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 12. Kwa hiyo pingili za uti wa mgongo hubeba kilo 12 hizo pamoja na zile 3 za awali, yaani kilo 15, muda wote mwenyewe anapokuwa wima. Mwanafunzi na arudie hesabu hiyo baada ya kila titi kupunguzwa gramu 700. Atapata kilo 8.

Mzigo huo ndio unaoleta maumivu ya shingo na mabega, mifereji inayochimbwa mabegani na kanda za sidiria, na upele wa jasho chini ya matiti. Kwa wasichana wachache matiti hukua kwa kasi sana wakati wa kubalehe, katika muda wa miezi tu. Msichana wa namna hiyo huukimbia uwanja wa michezo na kujikunja dawatini, na mwalimu asiyefahamu humwita mvivu. Mazoezi hayamsaidii kulipunguza titi, kwa kuwa ndani ya titi hamna misuli ya kukazwa. Mna tezi, mafuta na nyuzi za kuvishikilia.

Kukata nyama iliyozidi si kazi ngumu kwa mpasuaji. Ugumu ni kuihamisha chuchu juu bila kuiua, maana chuchu huishi kwa damu inayopitia katika nyama hiyo hiyo inayokatwa. Mwaka 1922 Max Thorek wa Chicago alieleza njia ya kuiondoa chuchu kabisa na kuibandika mahali papya kama kiraka cha ngozi. Chuchu huweza kupona, lakini vifereji vya maziwa vimekwisha katwa na hisia hupungua sana au hupotea. Mwaka 1930 Emil Schwarzmann alionyesha kwamba tabaka la ndani la ngozi linaloizunguka chuchu likiachwa, damu huendelea kupita. Tangu hapo wapasuaji wengi huiacha chuchu ikining'inia kwenye kikonyo chake, mfano wa embe mtini. Mmarekani Robert Wise naye, mwaka 1956, alitangaza kiolezo cha kuchora mahali pa kukata, ambacho alikitoa katika violezo vya washona sidiria. Fundi cherehani kwa hiyo ana sehemu yake katika elimu hii.

Siku ya upasuaji mgonjwa huchorwa akiwa amesimama, kwa sababu titi hubadili umbo mtu akilala. Hupewa nusukaputi, na kazi huchukua saa 2 hadi 4. Kwa kawaida nyama iliyotolewa hupelekwa maabara ikaguliwe kama ina saratani. Mshono mara nyingi huwa na umbo la nanga: huizunguka chuchu, hushuka, kisha hutambaa chini ya titi.

Siku za kwanza kuna maumivu na uvimbe. Lakini wagonjwa wengi huona mabega yamekuwa mepesi hata kabla vidonda havijapona. Kwa wiki 4 hadi 6 asibebe ndoo, asilime wala asitwange. Afadhali daktari ayaseme hayo mbele ya mume na mama mkwe pia. Vidonda huweza kufumuka kidogo, hasa pale mishono inapokutana, au kuingia vijidudu. Hisia za chuchu huweza kupungua, na mara chache chuchu yenyewe hufa. Mvutaji wa sigara yumo hatarini zaidi, kwani nikotini hubana mishipa ya damu.

Makovu hayafutiki, ingawa hufifia katika mwaka mmoja au zaidi. Watu wenye ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Aliyeota uvimbe huo alipotoga masikio na amweleze daktari mapema.

Kuhusu kunyonyesha, wengi waliopasuliwa kwa njia ya kikonyo hunyonyesha baadaye, lakini maziwa huweza yasitoshe. Tena mimba au unene huweza kuyakuza matiti upya. Kwa sababu hizo, msichana kwa kawaida hushauriwa angoje mpaka matiti yake yakae mwaka mzima hivi bila kubadilika. Mateso yakiwa makubwa mno hupasuliwa mapema, naye na wazazi wake huambiwa waziwazi kwamba huenda akahitaji kupasuliwa mara ya pili.